Sarafu za kale za Pwani: ukiokota moja, usiisugue

Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu niliokota sarafu ya shaba kwenye magofu yaliyo nyuma ya shamba la babu. Ilikuwa nyeusi, nyembamba, na udongo umeigandia. Nikafanya kama alivyokuwa akifanya bibi na sinia zake kila ikikaribia Idi: nikakata ndimu, nikachota majivu jikoni, nikasugua. Baada ya nusu saa iling'aa kama mpya, na haikuwa na herufi hata moja. Ninayo mpaka leo. Haina jina la mtu, na mimi mwenyewe sikumbuki niliiokota upande gani wa ule msikiti uliobomoka. Ndiyo sarafu ninayomwonyesha kwanza kila mgeni anayejiunga na kikundi chetu.

Sisi ni watu saba tu. Hukutana Mji wa Kale, Mombasa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi baada ya Alasiri, barazani kwa mmoja wetu. Kila mtu huja na sarafu moja na habari zake. Sarafu hushikwa kwa ukingo, si kwa uso, na bei haitajwi mpaka kahawa iishe. Naandika haya kwa sababu hazipiti wiki mbili sijaletewa picha kwenye simu: "Mzee, nimepata hii, ni ya nini, na ni pesa ngapi?" Swali la kwanza nitalijibu. La pili lina mambo.

Uliyo nayo huenda ni hizi

Nyingi ninazoletewa ni senti za tundu za Afrika Mashariki, zilizoanza mwaka 1907 na kuendelea mpaka wakati wa uhuru. Zina pembe za ndovu kuzunguka tundu. Zimejaa kwenye makopo ya bibi zetu, na ndizo nzuri za kuanzia kwa mtoto, kwani hakuna hasara akizichezea.

Ya pili ni pesa ya Mombasa ya mwaka 1888, ya kampuni iliyoitwa Imperial British East Africa Company. Upande mmoja ina mizani na mwaka wa Hijria, 1306, kwa tarakimu za Kiarabu. Watu huichanganya na pesa ya Sultan Barghash wa Zanzibar ya mwaka 1299 wa Hijria, kwa sababu nayo ina mizani. Igeuze: ya Barghash ni Kiarabu pande zote mbili, ya Mombasa ina Kiingereza. Na hapo hapo umeshika asili ya neno tunalolitamka kila siku, maana "pesa" ni paisa ya Kihindi, kama vile "hela" ya ndugu zetu wa Tanzania ilivyotokana na Heller ya Wajerumani.

Ya tatu ni riale kubwa ya fedha yenye picha ya mama mnene mwenye mtandio. Huyo ni Maria Theresa wa Austria. Imeandikwa 1780, mwaka aliokufa, na wengi huniletea wakitetemeka wakidhani wameshika kitu cha karne ya 18. Sarafu hiyo iliendelea kupigwa baada ya hapo ikiwa na mwaka ule ule, Vienna na baadaye hata London, Rome na Bombay, kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani hizi hawakuiamini nyingine. Ukiipima, iwe na gramu 28 hivi. Ikiwa na 22, umeuziwa bati.

Lakini zile zinazotukesha barazani ni za Kilwa. Ni vipande vidogo vya shaba, ovyo kwa sura, na asiyejua huvitupa. Upande mmoja limeandikwa jina la sultani kwa Kiarabu, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, na pande mbili hizo zina vina! Ali bin al-Hasan anaishia na "-an", na sifa ya Mungu nyuma yake inaishia vivyo hivyo. Walitia shairi kwenye kitu cha kununulia samaki. Zipo pia za sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331, na huyo alipiga hata za dhahabu, ambazo zimeonekana chache mno. Za fedha, ndogo kama magamba ya samaki, zimefukuliwa Shanga katika kisiwa cha Pate.

Mahali ilipotoka

Sarafu za Kilwa zina jambo moja linalowatesa wataalamu: hazina mwaka. Mwandishi wake alitia jina la mtawala akaacha tarehe. Basi umri wake utajulikanaje?

Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ilifukuliwa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu zikiwemo za Wafatimi wa Misri. Dinari za Wafatimi huwa na mwaka. Kwa kuwa zilizikwa pamoja, za dhahabu zikazisemea za fedha, na jina la Ali bin al-Hasan ambalo wengi walidhani ni la baadaye likarudishwa nyuma mpaka karne ya 11. Fikiria kama mtu angezikuta usiku mmoja akauza dhahabu kwa sonara na fedha kwa watalii. Tungebaki na sarafu 2,000 nzuri zisizosema kitu.

Mfano wa pili uko mbali na kwetu. Mwaka 1944 askari wa Australia aitwaye Maurie Isenberg alikuwa akivua samaki visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yao, akaokota sarafu tisa mchangani. Alizitia mkebeni zikakaa miaka. Mwaka 1979 ndipo alipozipeleka zikatambuliwe, na tano zikawa za Kilwa. Za Kilwa, ng'ambo ya bahari yote ile! Mpaka leo watu wanabishana zilifikaje. Lakini wana cha kubishania kwa sababu Isenberg alikuwa ametia alama ya X kwenye ramani pale alipoziokota, na mwaka 2013 watafiti walirudi huko kwa ramani hiyo. Hakuwa msomi wa mambo ya kale, alikuwa mtu na kalamu.

Mwaka huo huo wa 2013, huku kwetu kisiwani Manda, ilifukuliwa sarafu ya China yenye tundu la mraba, ya mfalme Yongle aliyetawala 1402 hadi 1424, ndiye aliyemtuma Zheng He na majahazi yake makubwa. Nyingine ya mfalme huyo huyo ilikuwa imepatikana Mambrui mwaka 2010. Sarafu kama hizo ukizitafuta kwa wauzaji wa China utazipata nyingi kwa bei ndogo. Zilizotoka kwenye udongo wa Manda na Mambrui ndizo zenye maneno.

Kijana wa mvuani

Mwezi wa Mei uliopita, baada ya mvua kubwa, kijana mvuvi alikuja barazani na sarafu ndani ya kikaratasi cha sigara. Maji yalikuwa yamechimba ukingo wa magofu fulani (sitayataja) na ikajitokeza. Mtu wa duka moja la vitu vya watalii alikuwa ameshampa ahadi ya shilingi 3,000. Tukaiangalia kwa kioo. Kilwa, herufi zinasomeka.

Nasema ukweli, mate yalinitoka. Mmoja wetu akaninong'oneza: "Ami, tumpe elfu tano, ikae kwetu, angalau sisi twaijua thamani yake." Tukabishana mpaka Magharibi ikaadhiniwa, na si kwa upole.

Sheria yenyewe haina utata sana. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa mambo ya kale kitu chochote kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Ukigundua kitu cha namna hiyo unatakiwa kuwaarifu Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku saba, ueleze mahali hasa na hali uliyokikuta, na kitu chenyewe ukikabidhi. Kukipeleka nje ya nchi bila kibali ni kosa. Kwa hiyo senti zako za tundu badilishana na umtakaye. Pesa ya 1888 uliyorithi kwa babu tayari iko upande wa pili wa mstari, usimpe mgeni aende nayo Ulaya.

Kijana aliuliza swali ambalo hatukuwa na jibu zuri kwake: "Na mimi wazee, nitakula nini?" Sheria hailipi unga. Tulichanga nauli na siku yake ya baharini iliyompotea, tukafuatana naye mpaka mahali penyewe akatuonyesha, tukapiga picha ukingo ule na kipimo cha simu kinachoonyesha mahali, kisha tukaenda naye Fort Jesus akaikabidhi kwa jina lake mwenyewe. Aliyeninong'oneza hakuja mwezi uliofuata.

Kutunza na kuonyeshana

Usisugue, nimeshasema. Ndimu, siki, majivu, dawa ya meno, vyote hula herufi. Udongo ukiwa mwingi, maji safi yasiyo na chumvi na brashi laini vinatosha, kisha ikauke kabisa. Ukiona unga wa kijani kibichi unaochanuka kwenye shaba, hiyo ni chumvi ya bahari inaendelea kuila. Itenge na wenzake na uiweke pakavu na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Mifuko laini ya plastiki huacha utando wa kunata, bora bahasha ndogo za karatasi. Juu ya bahasha andika: imetoka wapi, lini, kwa nani, uzito, upana.

Picha ipigwe taa ikiwa ubavuni, si juu, ili herufi zitupe kivuli. Piga pande zote mbili na rula kando yake. Za bandia mara nyingi zimemiminwa kwenye kalibu: tazama ukingoni kama kuna mshono, na usoni kama kuna vitundu vya hewa. Sumaku ikiivuta sarafu unayoambiwa ni ya fedha, rudisha, uombe pesa zako.

Mkutano ujao ni wa riale za Maria Theresa. Aliye na mizani inayopima gramu aje nayo, yetu imekufa betri. Na yule mwenzetu aliyenuna, kikombe chake bado kipo.