Golikipa wa Sengerema

Kwenye viwanja vya mpira vya Sengerema, mkazo wa neno golikipa huangukia ki: go-li-KI-pa. Mwingereza hutamka goalkeeper kwa silabi tatu, akiikazia ya kwanza. Safari ya neno hilo ni sehemu ya historia ndefu ya Kiingereza katika Kanda ya Ziwa, iliyopata nguvu baada ya Waingereza kuiteka Mwanza kutoka kwa Wajerumani Julai 1916.

Waingereza wanapounga maneno mawili, aghalabu mkazo hubaki kwenye lile la kwanza. Blackbird, ikikaziwa mwanzoni, ni jina la aina moja ya ndege. Black bird, mkazo ukiwa kwenye bird, ni ndege yeyote mweusi. Kiswahili hakijali muungano huo. Huhesabu kutoka mwisho na kukazia silabi ya pili, isipokuwa katika maneno machache, kama barabara yenye maana ya “sawasawa”, inayokaziwa kwenye ra ya kwanza.

Masikio ya Wasukuma na Wazinza wa Sengerema yalikuwa tayari kwa mabadiliko ya goalkeeper kuwa golikipa. Lugha zao nazo huzifunga silabi kwa irabu, na Kisukuma kina maajabu yake: toni ya juu husikika silabi mbili mbele ya pale ilipoanzia. Irvine Richardson alikichunguza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu toni za Kisukuma.

Ufundi mkubwa zaidi umo kwenye baiskeli. Mudguard, bati la kuzuia tope, liligeuka madigadi. Wasemaji wakaisikia ma- kama alama ya wingi, wakapata digadi moja. Hawakukata pale Mwingereza alipounganisha. Walikata pale sarufi yao ilipowaelekeza. Barabarani, keep left ikawa kipilefti, na wingi wake vipilefti. Kuyaita hayo makosa ya lafudhi ni kuwanyima watu sifa ya kuijua vizuri sarufi yao.

Maneno ambatani ya Kiswahili chenyewe hufuata sheria ile ile ya kukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Mwananchi hukatwa mwa-na-n-chi, na mkazo hukaa juu ya n, konsonanti isiyo na irabu. Mwanafunzi wa sekondari Sengerema, anayefundishwa kwa Kiingereza, hulazimika kurudisha mkazo mwanzoni kila akutanapo na classroom au homework, na anastahili kuelezwa sababu waziwazi.