Camus na Jiwe la Sisyphus Katika Miaka ya Vita

Mwezi Februari 1941, katika mji wa Oran ulioko pwani ya Aljeria, Albert Camus aliandika kwenye daftari lake kwamba kazi zake tatu zimekamilika: riwaya, insha ya falsafa na tamthilia. Zote zilihusu jambo moja, kwamba binadamu hudai maelezo ya maisha yake na ulimwengu haumjibu. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 27. Gazeti alilolifanyia kazi Ufaransa lilikuwa limempunguza kazini, mapafu yake yalikuwa mabovu, na yeye na mkewe Francine walikuwa wakiishi kwa wakwe. Alijitafutia riziki kwa kufundisha, na baadhi ya wanafunzi wake walikuwa watoto wa Kiyahudi waliotimuliwa shuleni kwa sheria za serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani.

Wahakiki wa Kiswahili huiita falsafa hiyo ubwege, na mara nyingi huiweka fungu moja na udhanaishi wa Jean-Paul Sartre, ingawa Camus mwenyewe alikataa kuitwa mdhanaishi. Wengi huidhani kuwa ni falsafa ya kukata tamaa, iliyobuniwa na watu walioshiba katika mikahawa ya Paris. Historia yake inaonyesha vingine.

Camus alizaliwa tarehe 7 Novemba 1913 huko Mondovi, mashariki mwa Aljeria, nchi iliyokuwa chini ya ukoloni wa Wafaransa. Hajatimiza hata mwaka, baba yake alijeruhiwa katika mapigano ya Marne ya Vita Vikuu vya Kwanza, akafariki Oktoba 1914. Mama yake, Catherine, aliwalea watoto wake wawili nyumbani kwa mama yake mzazi, katika Belcourt, mtaa wa makabwela mjini Algiers. Catherine hakusikia vizuri, hakujua kusoma wala kuandika, na alifanya usafi katika nyumba za watu. Nyumbani kwao hakukuwa na umeme wala maji ya bomba. Bibi ndiye aliyeishika nyumba, na mjeledi aliushika yeye pia.

Bibi huyo alitaka mjukuu wake amalize shule ya msingi kisha akatafute kibarua. Mwalimu wake, Louis Germain, alikwenda nyumbani kumsihi bibi, akamfundisha kijana masomo ya ziada bila malipo, na mwaka 1924 Camus akaingia sekondari kwa ufadhili. Alipenda mpira, akawa golikipa wa timu ya vijana ya Racing Universitaire d'Alger. Mwaka 1930, akiwa na miaka 17, alianza kukohoa damu. Dawa ya kutibu kifua kikuu ilikuwa bado haijagunduliwa. Alinusurika, lakini mpira ukawa umekwisha, na miaka michache baadaye madaktari wa serikali walimkatalia kuendelea na njia ya kuwa mwalimu wa falsafa. Kwa hiyo alipoandika kwamba kifo kinaweza kuivunja mipango yote ya mtu wakati wowote, alikuwa akieleza jambo aliloishi nalo.

Akageukia uandishi wa habari. Mwaka 1939 gazeti la Alger Républicain lilimtuma Kabylia, eneo la milima lililokuwa na njaa kali. Katika mfululizo wa makala zake alieleza jinsi alivyowaona watoto waliovaa matambara wakigombea na mbwa mabaki ya chakula jalalani. Watawala hawakufurahi. Vita Vikuu vya Pili vilipoanza, gazeti alilolihariri baadaye lilipigwa marufuku, na mwezi Machi 1940 Camus alivuka bahari kwenda Paris. Huko, katika chumba cha hoteli mtaani Montmartre, alimaliza mwezi Mei riwaya ya L'Étranger, yaani Mgeni. Wiki chache baadaye majeshi ya Ujerumani yaliingia Paris.

Riwaya hiyo fupi inamhusu Meursault, karani wa Algiers anayemzika mama yake bila kulia. Siku chache baadaye, ufukweni, jua likimwakia usoni, anampiga risasi Mwarabu mmoja na kumuua. Mahakamani, mwendesha mashtaka anashughulika zaidi na msiba kuliko na mauaji: kwa nini huyu hakulia? Meursault anaweza kuokoka kwa kusema uongo kidogo, kwa kudai majuto asiyonayo. Anakataa, anahukumiwa kifo. Aliyeuawa hatajwi jina mahali popote kitabuni. Mwaka 2013 mwandishi wa Aljeria, Kamel Daoud, alikijibu kimya hicho kwa riwaya inayosimuliwa na ndugu wa marehemu, ambamo aliyeuawa anaitwa Musa.

Mgeni ilitoka mwaka 1942 katika nyumba ya uchapishaji ya Gallimard, Paris ikiwa mikononi mwa Wajerumani. Miezi michache baadaye ikafuata insha, Le Mythe de Sisyphe, yaani Hadithi ya Sisyphus. Muswada wake ulikuwa na sura kuhusu Franz Kafka. Kafka alikuwa Myahudi, na sura hiyo isingeweza kuwapita wadhibiti wa Kinazi, hivyo iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na sura kuhusu Dostoevsky. Camus alikubali. Kitabu kinachohimiza watu wayatazame mambo bila kupepesa macho kilizaliwa kikiwa kimekatwa.

Insha inaanza na swali zito: je, maisha yasiyo na maana iliyoandaliwa yanastahili kuendelezwa, au mtu ajiue? Camus anajibu kwamba kujiua ni kulikimbia swali, na kwamba kujitupa katika imani ili tu mtu apate utulivu ni kulikimbia pia. Kinachobaki ni kuishi macho wazi. Mfano wake ni Sisyphus, mfalme wa hadithi za Wagiriki aliyeadhibiwa na miungu kusukuma jiwe hadi kileleni, likaporomoka, akaanza upya, milele. Camus anamtazama hasa anapoteremka mikono mitupu kulifuata jiwe lake. Wakati huo anaifahamu hali yake yote, na kwa kuifahamu anaishinda adhabu. Camus anafika hadi kudai kwamba mtu huyo ana furaha yake.

Hata hivyo Sisyphus yuko peke yake mlimani, na vita havikumwacha Camus akae naye. Agosti 1942, kifua kikuu kikiwa kimerudi, alikwenda kupumzika Le Panelier, kijiji cha milimani kusini mwa Ufaransa. Francine alirejea Oran kabla yake. Novemba, majeshi ya Washirika yalitua Afrika Kaskazini, Wajerumani wakaikalia kusini yote ya Ufaransa, na njia ya kurudi nyumbani ikafungwa. Mke na mume hawakuonana tena hadi Ufaransa ilipokombolewa. Jirani na kijiji hicho, huko Le Chambon-sur-Lignon, wakulima Waprotestanti na mchungaji wao, André Trocmé, walikuwa wakiwaficha Wayahudi majumbani mwao. Baadaye Camus alihamia Paris na kujiunga na Combat, gazeti la siri la wapinzani wa Wanazi.

Riwaya aliyoiandika katika miaka hiyo, La Peste, yaani Tauni, ilitoka mwaka 1947. Panya wanakufa Oran, kisha watu, na malango ya mji yanafungwa. Daktari Rieux hajui kwa nini watoto wanakufa na wala hadai kujua, ila kila asubuhi anakwenda kwa wagonjwa. Wa kumwangalia zaidi ni Grand, karani wa manispaa ambaye kwa miaka mingi ameandika na kuirekebisha sentensi moja tu, sentensi ya kwanza ya riwaya yake kuhusu mwanamke aliyepanda farasi. Kila neno linamsumbua. Tauni inapoingia, Grand anajiunga na vikosi vya afya bila kusita: jioni, baada ya kazi, anajaza majedwali ya wagonjwa na waliokufa, kisha anarudi kwenye sentensi yake. Msimulizi anasema kwamba kama kitabu kinahitaji shujaa, basi awe huyo. Jiwe lingalipo, lakini sasa linasukumwa na wengi, na kila mmoja anamjua mwenzake.

Yaliyofuata yalimtenga. Kitabu chake cha mwaka 1951, L'Homme révolté, yaani Mtu Aliyeasi, kililaani mauaji yanayofanywa kwa jina la mapinduzi, na mwaka uliofuata Sartre alivunja naye urafiki hadharani. Majukwaani, waandishi wa tamthilia Ionesco na Beckett waliupeleka ubwege kwenye vichekesho na vimya virefu. Mwaka 1957 Camus alipewa Tuzo ya Nobel, akaichapisha hotuba yake kwa heshima ya Mwalimu Germain. Tarehe 4 Januari 1960 alifariki katika ajali ya gari huko Villeblevin, mkobani mkiwa na muswada wa riwaya ambayo hakuimaliza, kuhusu utoto wake.

Swali lake lilifika hadi Ukerewe, Tanzania. Katika riwaya ya Kichwamaji ya mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa huko, alimwonyesha Kazimoto, kijana msomi asiyeona maana ya kuwepo kwake, na wahakiki wameihusisha riwaya hiyo na fikra za Camus. Kazimoto anaishia kujiua, yaani anachagua jibu lile lile ambalo Camus alilikataa.

Camus alizipanga kazi zake kwa mafungu: kwanza ubwege, pili uasi, tatu upendo. La tatu ndilo lililokatizwa na ajali. Mwanzoni mwa insha ya 1942 alikuwa amekwisha kutanabahisha kwamba ubwege, kwake, ni pa kuanzia wala si hitimisho. Anayesoma Mgeni na kukifunika kitabu amelisikia swali. Jibu ambalo Camus aliliweza liko katika Tauni, nalo ni kazi: kuamka, kuwahudumia waliopo, na kuendelea hata bila kuahidiwa ushindi.