Homa ya 1918 Pwani: waliohesabiwa na wasiohesabiwa

Wasee wa Kwale, ngoja niwape stori ambayo mimi shuleni sikufunzwa.

Mwaka jana nililala siku nne hapa Ukunda. Homa, kikohozi, mgongo kama umepigwa rungu. Nikaenda zahanati, nikatobolewa kidole, malaria hakuna. Nikapewa dawa za maumivu, kwenye kidaftari wakaandika "homa". Basi. Homa ya nini? Hawakusema, na mimi sikuuliza. Nilipopata nafuu nikaanza kusoma (niliacha chuo, sikuacha kusoma) ndio nikakutana na 1918.

Septemba mwaka huo, Vita vya Kwanza vya Dunia havijaisha, mafua ya Kihispania yakafika Pwani. Jina lenyewe ni uonevu. Uhispania haikuwa vitani, kwa hivyo magazeti yake yaliandika wazi kuhusu ugonjwa wakati ya wenzao yamezibwa mdomo. Ikabandikwa lawama.

Sasa, daktari wa wakati ule alipima vipi? Manze, hakuwa na kipimo. Wengi waliamini ni bakteria. Virusi vya mafua ya binadamu vilikuja kupatikana London 1933, miaka 15 baadaye. Kwa hivyo kuufuatilia ugonjwa ilikuwa kazi ya kalamu: nani kaja kutibiwa, nani kafa. Maafisa wa serikali ya kikoloni huku Pwani waliandika ripoti kuanzia Septemba 1918 hadi Machi 1919, na makaratasi yakabaki.

Mwaka 2019 watafiti watatu, Fred Andayi, Sandra Chaves na Marc-Alain Widdowson, walichapisha walichokipata humo. Walilinganisha rekodi za 1912 mpaka 1925. Mwaka 1918 vifo Pwani viliongezeka mara sita. Walikadiria kwamba mafua yaliua watu 25.3 katika kila 1000. Jaza matatu tatu za kwenda Likoni, abiria 14 kila moja. Mmoja wao kafa.

Lakini kilichonikaba ni namba nyingine: waliokwenda kutibiwa waliongezeka mara tatu tu. Vifo mara sita, matibabu mara tatu. Mimi nasoma hivi: wengi walifia nyumbani, mbali na daktari yeyote. Na kama hata vifo vilihesabiwa na afisa mwenye kalamu, wale wa vijiji ambavyo hakufika aliwaandika nani? Hiyo mara sita naiona ndogo.

Siku hizi vifaa vipo, si ati hatuna. Hospitali kuu ya Mombasa iliwekwa kwenye mpango wa taifa wa kufuatilia mafua: mgonjwa wa kifua akilazwa, anachukuliwa ute wa puani na kooni, unapimwa kwa PCR. Homa ya nguruwe ilipoingia Kenya 2009, maabara ziliitambua kwa jina lake. Hata huku kwetu, Msambweni na Ukunda, watafiti walipima damu za watoto wenye homa wakakuta dengue na chikungunya, vitu ambavyo kidole kikitobolewa kutafuta malaria havionekani.

Ila mpango wa mafua unamwona aliyefika hospitali ile. Aliyelala Kinango au Lunga Lunga akanywa mwarobaini akapona, au hakupona, yuko palepale alipokuwa 1918.

Kama kwenu kuna mzee aliyesimuliwa na wazazi wake kuhusu homa ile, muulize iliitwaje kijijini, halafu niandikie. Nakusanya.