Machimbo ya Bamburi na Kazi ya Jongoo

Masika moja nilialikwa kushuhudia kampuni, ambayo sitaitaja, ikipanda miti. Palikuwa na hema, fulana zenye nembo, hotuba tatu, na wapiga picha waliokaribia kuishinda miche kwa idadi. Nilipopita mahali hapo miezi mitatu baadaye, mbuzi walikuwa wamekwisha kuifunga shughuli. Nilikasirika, kisha nikajiuliza kama hasira yangu ina haki. Je, upo mfano wowote katika historia yetu wa mfanyabiashara aliyeyatunza mazingira pasipo kuigiza? Upo mmoja, nao ni wa kampuni ya saruji, mahali ambapo mtu asingetarajia kuupata.

Kampuni ya Bamburi iliundwa mwaka 1951, na kiwanda chake, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, kikaanza kuzalisha mwaka 1954. Malighafi ilikuwa chini ya nyayo za watu: mwamba wa matumbawe ya kale, uliokuwa sakafu ya bahari kabla bahari haijarudi nyuma. Mwamba ulichimbwa, ukasagwa, ukachomwa. Nyuma yake kilibaki kidaka kikubwa cheupe kisicho na chembe ya udongo, chenye joto la kuunguza, na maji ya chumvichumvi karibu kabisa na uso wake. Hakuna aliyelazimishwa kukifukia. Sheria yetu kuu ya usimamizi wa mazingira, iliyoleta amri za kurejesha ardhi iliyoharibiwa, ilitungwa mwaka 1999.

Mwaka 1971, miaka 28 kabla ya sheria hiyo, mwajiriwa mmoja wa kampuni alianza kupanda miti ndani ya shimo lile. René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alikuwa amefika Afrika Mashariki katika miaka ya 1950 na kuingia Bamburi mwaka 1959. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili ni tatu tu: mvinje, mnazi, na mti wa jamii ya damas utokao pande za Somalia. Nawaomba wakurugenzi waitazame hesabu hiyo kwa utulivu. Majaribio 23 kati ya 26 yalikufa, na aliyeyafanya hakufukuzwa kazi. Ni kampuni ngapi leo zenye bajeti ya kushindwa namna hiyo?

Mvinje ndio uliobeba mzigo. Mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyonasa naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo huweza kuishi pasipo rutuba. Lakini hapo ndipo tatizo la pili lilipozuka. Vijani vyake, vyembamba kama sindano, vilidondoka na kurundikana bila kuoza, kwa kuwa vimejaa tanini, kemikali ileile inayotumiwa kutengenezea ngozi. Msitu ulikuwapo, udongo haukuwapo. Ndipo Haller alipowaona majongoo wenye miguu myekundu wakizila sindano zile na kuacha kinyesi ambacho bakteria waliweza kukimalizia. Majongoo zaidi wakakusanywa na kuletwa machimboni kwa makusudi. Sisi tuliolelewa na methali ya kwamba mtupa jongoo hutupa na mti wake tunapaswa kucheka kidogo hapa: jongoo aliokotwa, akapewa kazi, akatengeneza udongo.

Baada ya udongo kulikuja mimea mingine, ndege na wanyama. Kampuni tanzu ilianzisha ufugaji wa samaki, na mvinje ukauzwa kama nguzo na mbao. Mwaka 1984 eneo hilo lilifunguliwa kwa umma, na baadaye likapewa jina la Haller. Watoto wengi duniani wanalijua kwa sababu ya Owen, kiboko mchanga aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapo na kumfanya kobe mzee kuwa mama yake. Ni kisa kitamu, ingawa naona kimemnyima jongoo sifa zake.

Sitaki msomaji adhani naitakasa saruji. Kila kilo 100 za kaboneti ya kalisi inayochomwa tanurini hutoa kilo 44 za kaboni dayoksaidi, hata kabla ya kuhesabu moshi wa kuni au makaa yanayoichoma. Hiyo ni kanuni ya kemia, wala si uzembe wa meneja yeyote. Duniani kote saruji huchangia takriban asilimia 7 au 8 ya kaboni dayoksaidi itokanayo na shughuli za binadamu. Msitu wa mvinje hauwezi kulifuta deni hilo. Kinachoweza kupunguza deni ni kubadilisha kichomwacho: kuchanganya majivu ya volkano au takataka za viwanda vya chuma ili klinka ipungue katika kila mfuko, na kubadilisha kinachowasha tanuri. Huko ndiko ninakotaka mhandisi mwenye ruhusa ya kushindwa mara 23 apelekwe.

Jambo jingine linanisumbua zaidi. Kwa kuwa kazi ya 1971 ilitokana na hiari, ilitegemea ni nani aliye mezani. Mwishoni mwa mwaka 2024 kampuni ya Bamburi ilinunuliwa na kundi la Amsons la Tanzania. Sina sababu ya kuwashuku wamiliki wapya, na kama Mwafrika Mashariki nilifurahi kuona mtaji wa jirani ukivuka mpaka. Lakini nilipowapeleka wanafunzi wangu kwenye machimbo yale, mmoja wao, akiwa ameinama juu ya jongoo njiani, aliniuliza: "Mwalimu, hawa wameandikwa katika mkataba wa mauzo?" Nilimwambia akalitafute jibu mwenyewe, nami nikaenda kulitafuta.