Tauni Ilipoingia Bombay

Mnamo siku ya 23 Septemba 1896, tabibu Acacio Gabriel Viegas, mtu wa asili ya Goa aliyekuwa pia mjumbe katika baraza la mji wa Bombay, alitangaza jahara kwamba maradhi aliyoyaona katika mtaa wa Mandvi, penye maghala ya nafaka yaliyopakana na gati, hayakuwa homa ya kawaida ya majira ya mvua bali ni tauni. Wagonjwa wake walikuwa na homa ya kuunguza na mitoki iliyovimba kinenani na kwapani. Na katika maghala yale panya walikuwa wamekwisha kuonekana wakifa wenyewe, bila ya mtego wala sumu. Wakubwa wa serikali walisitasita kuyataja maradhi kwa jina lake, na si ajabu, kwani mji wa bandari ukishatangazwa kuwa na tauni, hakuna merikebu itokayo humo itakayopokewa kwingine bila ya kushukiwa.

Bombay wakati huo ulikuwa makao makuu ya jimbo kubwa la Bara Hindi, ambalo mipaka yake ilianzia Sind na bandari ya Karachi upande wa kaskazini ikateremka mpaka nchi za Wakannada upande wa kusini, na hata Aden, ng'ambo ya bahari, ilikuwa chini ya gavana wake. Watu wa pwani yetu hawakuhitaji kuelezwa mji huo uko wapi. Sayyid Barghash alipelekwa huko uhamishoni mwaka 1859, kabla hajawa Sultani wa Unguja. Na biashara ya pembe na karafuu ilikuwa ikihesabiwa kwa rupia. Gavana wa jimbo alikuwa Lord Sandhurst, na mji wenyewe, kwa hesabu ya watu ya mwaka 1891, ulikuwa na zaidi ya laki nane, wengi wao wakiwa makuli na wafanyakazi wa viwanda vya pamba waliolala watu wengi katika chumba kimoja kisicho na dirisha.

Ilmu ya matabibu katika mwaka ule ilikuwa imefika nusu ya njia, na pengine nusu hiyo ilidhuru kuliko ujinga mtupu. Miaka miwili nyuma, tauni ilipoishika Hong Kong, Alexandre Yersin alikuwa amekwisha kukiona kijidudu cha maradhi haya chini ya darubini. Lakini namna kijidudu hicho kinavyotoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine ilikuwa haijajulikana, na penye pengo hilo wakubwa wa Bombay walijaza yale waliyoyaamini tangu zamani, yaani kwamba maradhi hukaa katika uchafu, katika udongo wa sakafu, katika nguo, katika hewa nzito ya nyumba za maskini, na katika mwili wa maskini mwenyewe. Kwa hiyo mifereji ya mji ilioshwa kwa maji ya chumvi na dawa ya kuulia vijidudu, jambo ambalo yamkini liliwafukuza panya kutoka mashimoni mwao na kuwaingiza katika mitaa ambayo bado ilikuwa salama.

Amri ya kwanza kubwa ilitoka kwa kamishna wa mji, P. C. H. Snow, tarehe 6 Oktoba: kila mwenye tauni atengwe, na akikataa, atolewe nyumbani kwake kwa nguvu na kupelekwa hospitali. Mtu asiyeijua nchi angeweza kuiona amri hiyo kuwa ya busara. Lakini hospitali ya Arthur Road, iliyokuwa ikipokea wagonjwa hao, ilikuwa mahali ambapo aghlabu ya walioingia walitoka maiti. Na kwa Mhindu wa kabila la juu kulala kitanda kilicholaliwa na mtu asiyemjua, akilishwa chakula kilichopikwa na mikono asiyoijua, kulikuwa ni msiba juu ya msiba, na kwa mwanamke wa Kiislamu aliyekaa katika sitara maisha yake yote, kubebwa na watu baki mchana mbele ya macho ya mtaa kulikuwa ni fedheha ambayo ndugu zake waliona kifo ni afadhali yake. Tarehe 29 Oktoba wafanyakazi wa viwanda wapatao elfu moja waliishambulia hospitali ile. Snow akailegeza amri mara moja, naye alikuwa na sababu: aliogopa kwamba wazoa taka wa mji wangekimbia pamoja na wengine, na mji usio na wazoa taka, kwa fikira za wakati ule, ulikuwa umekwisha kufa.

Watu walikimbia hata hivyo. Kufikia Februari 1897 karibu nusu ya wakazi walikuwa wameondoka kwa gari la moshi, kwa mashua na kwa miguu, wengine wakiyachukua maradhi kwenda nayo kwao, na waliobaki wakawa wachache kiasi cha wenye viwanda kugombania makuli njiani na kukubali kuwalipa ujira wao siku kwa siku, jambo ambalo zamani hawakutaka hata kulisikia.

Lililobadili mwenendo wa serikali ya jimbo, kwa rai yangu, halikuwa idadi ya maiti wa Mandvi. Lilitoka baharini. Dola za Ulaya zilikuwa zikikumbuka waba uliosafiri kutoka Bara Hindi mara kadhaa katika karne ile, ukipita Makka na Misri hadi miji yao wenyewe. Na mwanzoni mwa mwaka 1897 wajumbe wao walikutana Venice kuzungumza habari ya tauni, huku baadhi yao wakitaka bidhaa za Bombay zikataliwe kabisa. Serikali ya Bara Hindi haikungoja kuamriwa. Tarehe 4 Februari ilipitisha Sheria ya Maradhi ya Kuambukiza, sheria fupi mno, yenye vifungu vinne tu, iliyowapa watawala uwezo wa kufanya lolote waliloliona la lazima: kusimamisha wasafiri, kuingia majumbani, kubomoa, kutenga, na kifungu cha mwisho kikaandika kwamba hapana mtumishi atakayeshitakiwa kwa jambo alilolitenda kwa nia njema chini ya sheria hiyo. Mwezi huo huo safari za mahujaji kutoka Bombay na Karachi zilizuiwa. Mwezi uliofuata, wajumbe wakiwa bado Venice, Lord Sandhurst aliiondoa kadhia ya tauni mikononi mwa baraza la mji na kuiweka mikononi mwa kamati iliyoongozwa na askari, Jenerali William Gatacre. Anayezitazama tarehe hizi zikiwa zimepangwa pamoja atapata taabu kuamini kwamba ukali ule ulikusudiwa wagonjwa. Ulikusudiwa wanunuzi wa pamba, na wenye bandari za Ulaya, ili waone kwamba Bombay inafanya kitu.

Kazi ya kamati ilikuwa ya kijeshi kwa sura na kwa utaratibu. Vikosi viliuzunguka mtaa alfajiri, vikaingia nyumba baada ya nyumba kutafuta wagonjwa waliofichwa, vikatoa vyombo nje na kuvichoma, vikapaka kuta chokaa, vikaondoa vigae vya paa ili jua liingie, na nyumba iliyoonekana haifai kukaliwa ikapigwa alama ukutani. Katika stesheni za reli abiria waliteremshwa wakapangwa safu, wanaume na wanawake, wakapimwa kwa kushikwa kinenani na kwapani. Naye tajiri mwenye tikiti ya daraja la kwanza alipimwa kwa upole kuliko kuli wa daraja la tatu, kana kwamba tauni huuliza nauli.

Ilhali kiini cha jambo kilikuwa kikirukaruka sakafuni. Mwezi wa Juni 1898, huko Karachi, ndani ya jimbo lile lile, tabibu wa Kifaransa Paul-Louis Simond alionyesha kwa majaribio kwamba tauni hupita kutoka panya hadi panya kwa viroboto. Lakini wenzake walimcheka, na miaka mingine ikapita kabla ya tume ya uchunguzi, iliyofanya kazi yake Parel katika mji wa Bombay tangu mwaka 1905, kukubali kwamba alisema kweli. Kutoka mwaka wa mwanzo hadi wakati huo, jimbo lilikuwa likipigana vita na kuta na nguo za watu.

Pune ndiko mambo yalikoharibika kabisa. Mji huo wa Wabrahmani, makao ya kale ya watawala wa Kimaratha, ulipewa mkuu wa tauni aitwaye Walter Charles Rand, mtumishi wa serikali mwenye sifa ya ukali, naye akatumia askari wa Kiingereza wa kikosi cha Durham kupekua nyumba tangu mwezi wa Machi 1897. Askari waliingia mpaka vyumba vya ndani na mahali pa ibada, na wanawake wakapimwa uani au njiani, mbele za watu. Yaliyosemwa juu ya askari hao yalikuwa mengi, na si yote yaliyoweza kuthibitishwa: Gopal Krishna Gokhale, aliyekuwa London wakati ule, aliliambia gazeti moja la Uingereza kwamba wanawake wawili walinajisiwa, kisha aliporudi nyumbani akakosa shahidi aliyekubali kutokea, ikambidi aombe radhi hadharani, na fedheha hiyo ilimfuata kwa miaka. Lakini ghadhabu haikungoja ushahidi. Upekuzi ulisitishwa mwezi wa Mei, maradhi yenyewe yakiwa yamepungua, na watu wa serikali wakadhani hesabu imefungwa. Usiku wa tarehe 22 Juni, Rand alipokuwa akitoka katika karamu ya nyumba ya gavana, Ganeshkhind, ya kuadhimisha miaka 60 ya utawala wa Malkia Victoria, yeye na Luteni Charles Ayerst walipigwa risasi, kila mmoja katika gari lake la farasi. Ayerst alikufa papo hapo, na Rand akafa tarehe 3 Julai. Damodar Chapekar, aliyetiwa hatiani kwa mauaji hayo, alinyongwa mwaka 1898, na nduguze wawili wakamfuata mwaka uliofuata.

Bal Gangadhar Tilak, mwenye gazeti la Kesari, alishitakiwa kwa uchochezi kwa ajili ya maneno yaliyochapwa siku chache kabla ya mauaji. Katika watu tisa walioketi kuamua, Wazungu sita walimtia hatiani na wenyeji watatu wakamwona hana hatia, naye akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Ni haki kusema kwamba Tilak hakuwa adui wa tiba. Wakati viongozi wengi wa Pune walipokimbia, yeye alibaki mjini akasaidia kufungua hospitali ya Wahindu, na ubishi wake ulikuwa juu ya askari, haukuwa juu ya kutenga wagonjwa. Na katika mji huo huo Savitribai Phule, mwalimu aliyewafungulia shule wasichana na watu wa makabila ya chini nusu karne nyuma, aliwahudumia wagonjwa wa tauni katika zahanati ya mwanawe Yashwant mpaka maradhi yakamshika yeye mwenyewe. Alifariki tarehe 10 Machi 1897. Kumbukumbu za Rand ni nyingi katika majalada ya serikali. Za Savitribai zilihifadhiwa zaidi na watu wake.

Bombay nao uliasi tarehe 9 Machi 1898, pale wafumaji wa Kiislamu walipokataa binti mgonjwa asichukuliwe na wapekuzi. Damu ikamwagika, na safari hii Lord Sandhurst akasikia. Wapekuzi wakapunguzwa, askari wakaondolewa polepole, na kila jamaa, Makhoja, Mamemoni, Waparsi, Mabaniani, ikaruhusiwa kuwa na hospitali yake, yenye wapishi wake na wauguzi wake, ambamo mtu aliweza kuugua bila ya kupoteza staha. Mgonjwa aliyekuwa akifichwa darini akaanza kuletwa na nduguze wenyewe.

Kinga nayo ilikuwa imekwisha kupatikana. Waldemar Haffkine, Myahudi wa Odessa aliyefunzwa katika taasisi ya Pasteur mjini Paris, alifika Bombay Oktoba 1896, akafanya kazi katika chumba kidogo cha chuo cha utabibu cha Grant, na tarehe 10 Januari 1897 akajichoma sindano ya dawa yake mwenyewe kabla ya kuijaribu kwa mahabusu waliojitolea katika gereza la Byculla. Serikali iliitazama dawa hiyo kwa jicho la shaka. Aliyeipa nguvu ni Aga Khan wa tatu, Sultan Mahomed Shah, kijana ambaye hata miaka 20 alikuwa hajatimiza, aliyechanjwa mbele ya wafuasi wake ili waone kwamba hafi, na akamkabidhi tabibu yule jumba lake liwe maabara. Makhoja wa Ismailia waliitikia kwa wingi. Na aliyewaona ndugu zao wa Unguja wakimpokea Imamu huyo mwaka 1899 hatashangaa kwamba neno lake lilifanya kazi ambayo bunduki za Gatacre hazikuiweza.

Tauni haikutambua mipaka ya jimbo. Kwa ajili yake usafiri wa makuli waliokuwa wakiandikwa kuja kujenga reli ya Uganda ulisimamishwa kwa muda Karachi mwaka 1897. Kisiwa cha Changuu, mbele ya mji wa Unguja, kikawa karantini ya abiria. Na mwaka 1902 maradhi yalipotokea katika soko la Wahindi la Nairobi, mji ambao ulikuwa haujatimiza miaka minne, soko zima lilitiwa moto kwa amri, njia ya mkato ambayo Bombay, kwa ukubwa wake, haikuweza kuifuata ila nyumba kwa nyumba. Nchini Bara Hindi kwenyewe tauni iliua takribani watu milioni 12 kabla ya kupoa.

Jimbo lilianzisha mwaka 1898 idara ya kuutengeneza mji upya, ikafungua barabara pana ili upepo wa bahari uingie mitaani, ikapima viwanja vipya Dadar na Matunga. Lakini katika miaka ya mwanzo vyumba vya maskini ilivyovibomoa vilizidi ilivyovijenga, na waliofukuzwa wakaenda kujazana katika mitaa iliyobaki, pamoja na panya wao. Sheria ya vifungu vinne haikufutwa. Mwezi wa Machi 2020, virusi vya korona vilipoingia, serikali ya India iliyataka majimbo yote yaitumie, na Aprili ya mwaka huo, baada ya watumishi wa afya kupigwa na kufukuzwa katika mitaa kadhaa, iliongezwa kifungo cha hadi miaka saba kwa mtu atakayemjeruhi vibaya tabibu au muuguzi. Kifungu kinachomkinga mtumishi wa serikali asishitakiwe kiliachwa kama kilivyoandikwa mwaka 1897.