Ndoa ya ng'ambo ya mpaka: karatasi za kushughulikia mapema

Kwa watu wa Rombo, Kenya ni jirani. Kutoka Holili hadi Taveta, au Tarakea hadi Loitokitok, watu huvuka kwenda sokoni, misibani, na pia kuposa. Mahari ikipokelewa na mbege ikanywewa, ukoo unamhesabu mwali kuwa wa nyumbani. Kwa Uhamiaji bado ni mgeni, maana ndoa peke yake si ruhusa ya kuishi nchini. Msikilizaji, tumekusanya hapa mambo ya kujua.

Cheti cha ndoa kwanza

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kiserikali, ya kidini na ya kimila. Ndoa ya kimila nayo inatakiwa kusajiliwa, ndani ya siku 30 tangu ifungwe. Ni kweli kwamba watu walioishi pamoja miaka 2 au zaidi na kujulikana kama mke na mume wanaweza kuhesabiwa kuwa wameoana, lakini jambo hilo linaweza kupingwa mahakamani. Dirishani utaulizwa cheti. Kama hamna, anzieni ofisi ya Mkuu wa Wilaya.

Ruhusa ya kuishi

Muhuri wa mpakani una tarehe ya mwisho. Kabla haijafika, nendeni wote wawili ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, Moshi mjini, mkaulize hati ya kuishi inayowafaa. Bebeni:

- cheti cha ndoa;
- pasipoti ya mgeni;
- kitambulisho cha taifa na cheti cha kuzaliwa cha mwenzi Mtanzania;
- barua ya serikali ya kijiji au mtaa;
- picha ndogo.

Hati ya kuishi si kibali cha kazi. Mgeni anayetaka kuajiriwa anahitaji kibali chake, kwa mujibu wa sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015. Malipo yote yafanyike kwa namba ya malipo ya serikali. Usimpe mtu fedha mkononi.

Uraia

Hapa ndipo penye uzito. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia wakati wowote mumewe akiwa hai. Angalia maneno hayo: mumewe akiwa hai. Mume akifariki kabla mke hajaomba, mlango huo unafungwa, na mjane anabaki mgeni mwenye watoto na kihamba cha kutunza, katika nchi ambayo mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji.

Mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo. Anatakiwa awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi jumla ya miaka isiyopungua 7. Pia awe na mwenendo mwema na ajue Kiswahili au Kiingereza.

Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo anayepewa wa Tanzania anaukana wa kwao. Upande wa Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inamruhusu mume au mke wa Mkenya kuomba baada ya miaka 7 ya ndoa. Lakini Mtanzania akiuchukua, anapoteza wa Tanzania.

Watoto

Mtoto ambaye baba au mama yake ni Mtanzania wa kuzaliwa ni Mtanzania, hata akizaliwa Taveta. Chukueni cheti chake cha kuzaliwa mapema, kiwe na majina ya wazazi wote wawili. Akiwa na uraia wa nchi zote mbili, atalazimika kuchagua akifikisha miaka 18.

Katika familia nyingi karatasi hizi hutafutwa wakati msiba umeshaingia. Kama cheti cha ndoa hakijapatikana nyumbani kwenu, anzeni na hicho wiki hii, mkiwa wawili na wazima.