Heinrich Rubens na Miale Ipimayo Karatasi

Mwezi Oktoba 2025 ilitimia miaka 125 tangu Max Planck atangaze mjini Berlin kanuni ya mnururisho wa joto iliyozaa fizikia ya kwanta, lakini Heinrich Rubens, ambaye vipimo vyake ndivyo vilivyomlazimu Planck kuitafuta kanuni hiyo, hutajwa kwa nadra mno, ingawa hata upimaji wa karatasi una deni kwake.

William Herschel aligundua infraredi, yaani miale ya joto isiyoonekana kwa macho, nchini Uingereza mwaka 1800. Rubens alikwenda mbali zaidi, kwani aliiakisi miale ya vitu vya moto mara kadhaa juu ya fuwele, zikiwemo za chumvi ya mawe, hadi yakabaki mawimbi marefu tu, yafikayo mikromita 51, mikromita ikiwa sehemu ya elfu ya milimita. Akishirikiana na Ferdinand Kurlbaum, alibaini kwamba kanuni ya Wilhelm Wien, iliyoaminiwa wakati huo, haikubaliani na mawimbi hayo, naye akamweleza Planck hivyo alipomtembelea nyumbani Jumapili, tarehe 7 Oktoba 1900. Jioni hiyohiyo Planck alipata kanuni mpya, akaiwasilisha tarehe 19 mbele ya Chama cha Fizikia cha Ujerumani. Na kwa mujibu wa kumbukumbu za Planck mwenyewe, Rubens aliilinganisha na vipimo vyake usiku uleule, na asubuhi akamwendea kumthibitishia kwamba inaafikiana navyo kila mahali.

Mwaka 1911, Rubens na Otto von Baeyer walipata kutoka taa ya zebaki mawimbi ya takriban mikromita 300, wakitumia kadibodi nyeusi kama chujio. Karatasi huyapitisha mawimbi hayo kwa sababu nyuzi zake, zenye upana wa makumi machache ya mikromita, ni nyembamba kuliko wimbi, hivyo haziyatawanyi sana. Maji, kinyume chake, huyafyonza kwa nguvu. Kwa hiyo miale inayopotea hudhihirisha unyevu, na kuchelewa kwa miale inayopita hudhihirisha unene, pasipo karatasi kuguswa. Njia hiyo ilifanyiwa utafiti miaka ya 1980 kwa leza, kisha kwa mapigo mafupi ya terahezi, jina la sasa la mawimbi hayo.

Kumsahau Rubens ni kuwanyima wanafunzi somo muhimu, kwamba kipimo kilichofanywa kwa uangalifu ili kujibu swali moja huweza kuzitumikia kazi ambazo mpimaji hakuzifikiria kamwe, na kwa hiyo mpimaji anastahili heshima sawa na mtunga nadharia.